Mmbulu Kwenye Kikao cha Wanawake

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa nzuri, usidhani. Ni siku wanawake wa Gehandu walipokaa kikao, na mwanaume mmoja akasimama mbali akasema kikao hicho ni bure kwa sababu yangu. Nitakusimulia. Lakini kwanza futa machozi, na hiyo simu ifunike hapo kwenye kigoda, maana siwezi kusimulia vizuri huku watu nisiowajua wanakutukana ndani ya nyumba yangu.

Nimesikia yote uliyonieleza. Umezaliwa Tukuyu, kazi ya ualimu imekuleta huku Nangwa, ukaipenda lugha ya Wadatoga mpaka ukaijua, ukawapenda wamama wanaokufundisha kushona shanga, nao wakakupenda wakakuvika, ukapiga picha ukaiweka mtandaoni. Sasa wenzako uliosoma nao wanakucheka eti unajifanya. Na kijana mmoja wa huku huku ameandika kwamba wewe si wa hapa na hutakuwa. Hilo la mwisho ndilo limekuliza, hao wengine unawaweza. Najua, kwa sababu neno hilo hilo niliambiwa mimi mbele ya watu, kabla mama yako hajazaliwa.

Watu wakiniona leo na shaba mkononi na sketi ya ngozi, wanadhani nimezaliwa nayo. Mimi ni Mmbulu. Ni Muiraqw wa Bashay, baba yangu wa huko, mama yangu wa huko, nimebatizwa huko. Kwetu ni milimani, kuna baridi, watu wanalima mahindi na maharage na wana ng'ombe wachache, na Jumapili ni kanisani. Nilishuka huku Gehandu nikiwa msichana, nimemfuata kaka yangu aliyekuja kutafuta shamba kubwa. Kaka alichoshwa na jua, akarudi mlimani. Mimi nikabaki. Wajukuu zangu hupenda kusema nilibaki kwa ajili ya babu yao. Si kweli. Babu yao nilimpata baadaye kabisa, naye anajua, usimpe sifa ambayo si yake. Nilibaki kwa ajili ya mama mmoja aliyeitwa Udameda.

Udameda alikuwa jirani yetu, mjane wa Kidatoga, mtu mzima, mrefu, shaba imejaa mkononi, na mdomo wake haukuwa na breki. Mara ya kwanza alinikuta nafunga ndama. Akasimama, akalitazama fundo langu, akacheka mpaka akakaa chini. Yeye hakujua Kiiraqw, mimi sikujua Kidatoga, na Kiswahili chetu wote wawili kilikuwa cha kuokoteza. Akalifungua lile fundo, akafunga la kwake, akanionyesha tena na tena mpaka mikono yangu ikajua. Kuanzia hapo nikawa wake. Nikitoka shamba naenda kwake kukamua, kufukiza vibuyu vya maziwa, kurudisha ndama, na lugha nikaipata kwa kugombezwa. Mtu akikugombeza kila siku utaijua lugha yake upesi, maana unatamani sana kumjibu.

Nikaanza kuyapenda mambo yao, moja moja. Lililoniteka kuliko yote ni jinsi bibi harusi wao anavyofika kwa mume. Haingii ndani. Anasimama pale mlangoni, anagoma, wala hasemi kitu, mpaka wakwe wamtajie ng'ombe wake. Huyu akimtaja mmoja, bado amesimama. Yule akiongeza, bado. Akiridhika ndipo anainama na kuingia, na ng'ombe hao ni wake kwelikweli, hata mumewe akitaka kuwagusa lazima amuulize. Mimi niliona jambo hilo nikiwa nimeshika kibuyu mkononi, nikasahau kukiweka chini. Nilisema moyoni, hawa wanawake nataka kuwa mmoja wao.

Basi nilivyoona napendwa, nikapitiliza. Nikawa Mdatoga kuliko Wadatoga wenyewe. Niliacha kulima maharage. Mtu akinikaribisha makande nasema sisi hatuli hayo, sisi ni watu wa maziwa na nyama. Sisi! Na hata mbuzi mmoja sikuwa naye. Kaka yangu akija kunisalimia namjibu Kidatoga, maskini anabaki ananitumbulia macho. Nilifikiri ili niingie huku ni lazima kwanza nimalize kutoka kule.

Udameda alinivumilia, akanivumilia, halafu siku moja akaja na bakuli lake, akakaa jikoni kwangu akasubiri. Nikamletea maziwa. Akayasukuma pembeni, akauliza maharage yako wapi. Nikamjibu kwa maringo kwamba nimeacha mambo hayo ya Kimbulu. Mwanangu, sijawahi kugombezwa namna ile.

“Nani alikutuma uache?” alisema. “Maziwa ninayo kwangu. Nilikuwa natembea mpaka hapa kwa ajili ya maharage yako. Sasa unataka kuingia kwetu mikono mitupu, halafu unasubiri nikushangilie?”

Akaondoka na bakuli lake tupu. Nilikaa pale jikoni nimenuna, lakini mvua ya kwanza iliponyesha nilipanda maharage, na mavuno yalipotoka bakuli la kwanza lilikwenda kwake. Alikula mpaka akajifuta jasho. Hakusema asante, alisema chumvi imezidi.

Jambo la pili alilonikatalia lilikuwa sketi. Sketi hii ya ngozi unayoiona wamama wameivaa, tuliitengeneza mimi na yeye kwa ngozi ya ndama wake aliyekufa. Tuliikwangua, tukaipaka samli, tukaifikicha kwa mikono mpaka ikalainika, kisha tukaichana nyuzi nyembamba zinazocheza mtu akitembea. Vidole vyangu viliuma msimu mzima. Ilipokamilika nikataka kwenda nayo mnadani Katesh. Udameda akaninyang'anya, akaikunja, akaipandisha juu darini. Aliniambia haivaliwi ili watu wakutazame, itavaliwa siku itakapoitwa. Nikamuuliza kwa hasira itaitwa na nani. Akajibu, na wanawake. Sikuelewa, na nilikasirika wiki nzima.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo jambo lenyewe linapoanza.

Udameda alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa aliitwa Gidahoya, mtu wa sauti na ng'ombe wengi, watu wakimpisha njiani. Mdogo alikuwa mpole. Mwaka ule ukame ulibana, yule mdogo akahamisha mifugo kwenda upande wa ziwa Balangida kutafuta majani, akamwacha mke wake mjamzito kwa mama yake. Mke akajifungua mume akiwa hayupo. Mimi ndiye niliyemshika mgongo wakati wa uchungu, na Udameda akampokea mtoto. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo sana, lakini analia kwa nguvu.

Kwa Wadatoga, mwanamke akijifungua anakaa ndani siku nyingi, na nyumba hiyo inakuwa ya wanawake. Mwanaume haingii, hata akiwa baba wa mtoto. Na mzazi anatengewa ng'ombe wa kumpa maziwa. Huyu wetu alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe, mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni, ambaye alitajiwa siku ile alipogoma mlangoni. Ndama wa ng'ombe huyo alikuwa anafungwa ndani ya nyumba. Maziwa hayo ndiyo yaliyomsimamisha mama, na mama ndiye aliyemsimamisha mtoto. Mwaka ule wa njaa hapakuwa na kitu kingine cha kutegemea.

Gidahoya alikuwa anataka kuoa mke mwingine, na ng'ombe wa kupeleka ukweni walikuwa wamempungukia. Akamtamani yule mwekundu. Ukitaka ng'ombe wa maziwa akufuate bila fujo, unamchukua ndama wake. Na ndama alikuwa ndani.

Akaingia. Mchana kweupe, mimi nimekaa pale nimeshika kibuyu namnywesha mzazi, tukaona giza mlangoni, kumbe ni yeye ameinama anaingia. Sijui nikueleze vipi, mwanangu. Mzazi alijifunika na mtoto wake kwa ngozi ya kulalia, akamwambia shemeji, huyo ng'ombe ni wangu. Gidahoya akamsukuma ili afikie kamba, mama na mtoto wakaangukia ukutani, akamfungua ndama akatoka naye. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Alinipita hapo mlangoni hata hakunitazama. Ng'ombe alimfuata ndama wake, akaenda huku analia.

Udameda alimfuata mwanawe akamsihi. Akaambiwa mambo ya ng'ombe ni ya wanaume. Kesho yake maziwa ya mzazi yalianza kukauka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena, na kilio chake kikawa kinapungua nguvu. Hicho ndicho kilichotutisha. Udameda alimtazama mjukuu wake, halafu akatoka nje, akawatuma wasichana waende boma kwa boma.

Asubuhi iliyofuata alikuja kwangu na ile sketi amebeba begani. Akanitupia. Alisema, “Vaa. Imeitwa.”

Wadatoga wana kikao cha wanawake, mwanangu, na wewe utakiona ukikaa sana. Mwanaume akimkosea mwanamke mmoja mambo yake ya nyumbani, wanasuluhishwa na wazee. Lakini akikosea jambo la uanamke wenyewe, kama kuingia nyumba ya mzazi, amewakosea wanawake wote, na wanawake wote wanainuka. Siku hiyo hakuna anayepika, hakuna anayekamua. Wanaume wanakaa mbali, hawasogei mahali wanawake walipokaa. Na kikao kikitoa neno, mwanaume anatii, kwa sababu akikataa wanawake watamwimbia laana, na hakuna boma lililokuwa tayari kula chakula na mtu aliyelaaniwa na mama zake.

Tulikusanyika kwenye uwanda chini ya kilima. Nilikuwa sijawahi kuona wanawake wengi hivyo, wengine wametoka Nangwa wakitembea tangu alfajiri, wazee wana fimbo, wasichana wamebeba watoto mgongoni. Wote na sketi zao. Nilikaa nyuma kabisa. Hapo ndipo nilipojua kwa nini alinikataza kwenda nayo mnadani, maana zile ngozi zilipokaa chini pamoja, mimi mwenyewe niliogopa, sembuse mwanaume.

Wazee walisema, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Udameda alisema juu ya mwanawe wa kuzaa, hakuficha kitu. Mimi niliitwa nieleze nilichoona, nikaeleza, Kidatoga changu kikakwama mara mbili tatu, hakuna aliyecheka. Mwishoni neno likatoka kwamba Gidahoya amrudishe ng'ombe na ndama wake siku hiyo hiyo, na alete dume jeusi kwa ajili ya wanawake wote.

Msichana akatumwa kumpelekea. Haikupita muda tukamwona anakuja na wanaume wenzake, wakasimama umbali unaoruhusiwa, lakini sauti yake, nilishakuambia, ilikuwa ya kufika mbali. Akasema hatoi dume wala ng'ombe.

“Kikao cha wanawake nakiheshimu,” alisema. “Lakini hapo mmekaa na Mmbulu. Nimemwona, yuko nyuma, amevaa sketi. Kikao chenye mgeni si kikao. Nani amewahi kusikia Mdatoga akihukumiwa na Mmbulu?”

 Niliona vichwa vinageuka kunitazama, vya wanawake niliokamua nao na kuchota maji nao. Hawakunitazama kwa chuki, la, ila nilisoma swali machoni mwao. Na kule mbali wale wanaume wakaanza kunong'onezana na kutikisa kichwa kwamba ana hoja. Nikaelewa mara moja. Kama kikao kingevunjika, ng'ombe angeondoka kesho na wale wa mahari, na yule mtoto ndani asingemaliza mwezi. Yote hayo kwa sababu mimi nimekaa pale.

Nilijisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia tena. Nilitaka ardhi inifiche. Nikasema moyoni, afadhali niondoke mimi, mtoto apate maziwa. Nikainuka. Nilishikilia sketi yangu kwa mikono yote miwili ili isipige kelele nikitembea.

“Kaa chini!”

Alikuwa Udameda, kule mbele walikokaa wazee. Nikamjibu, huku nalia, kwamba niache niende, mtoto anakufa.

“Ukiinuka wewe, tumeinuka wote,” alisema. “Unataka kumpa mwanangu ushindi kwa miguu yako mwenyewe? Kaa.”

Nikakaa.  Ndipo nikamwona Udameda anajisukuma kwa fimbo yake, anaacha mahali pake pa heshima mbele, anapita katikati ya wanawake wote polepole, maana magoti yake yalikuwa yanamsumbua, mpaka akafika kule nyuma nilipokuwa. Akakaa kando yangu. Bega lake likagusa bega langu. Kisha akamgeukia mwanawe aliyesimama kule mbali.

“Gidahoya, mimi ndiye mama yako,” alisema. “Ulipoingia nyumba ya mzazi, uliwakuta wanawake wangapi ndani?”

  Wanaume wenzake wakamtazama. Mwisho akasema, wawili.

“Mzazi na nani?”

Akachezesha fimbo yake chini.

“Mzazi na huyu,” alisema Udameda. “Huyu alimshika mgongo mke wa mdogo wako ndugu zake wakiwa mbali. Alipiga kelele wewe ulipoingia. Kama si mwanamke wa hapa, tueleze alikuwa anafanya nini mahali ambapo wewe uliyezaliwa hapa hupaswi kukanyaga. Baba yake ni Mmbulu, na yeye ni Mmbulu, hatujamwambia aache. Maharage yake tunakula. Lakini kikao hiki hakiulizi mtu amezaliwa na nani. Kinauliza nani alikuwa ndani.”

Basi mwanamke mmoja mzee sana, ambaye hata macho yalikuwa yamefifia, akaanza kuinuka mbele. Akashikwa mkono, akaletwa nyuma, akakaa upande wangu mwingine. Akafuata mwingine. Na mwingine. Wakaja mpaka kikao chote kikageuka, nyuma kukawa mbele, na mimi nikajikuta nimekaa katikati ya wazee, sina pa kupitisha hata mkono. Yule mzee asiyeona vizuri akapaza sauti, ambayo sikujua bado anayo, akamwambia Gidahoya atuonyeshe tena, huyo mgeni yuko wapi.

Hapo wanawake wakaanza kuvumisha wimbo. Haukuwa na maneno bado, ni sauti tu ya chini, kifuani. Ni sauti inayotangulia laana, na kila mwanaume pale aliijua. Niliona mmoja wa wale waliokuja naye anarudi nyuma hatua moja, halafu mwingine, mpaka Gidahoya akabaki peke yake pale kwenye uwanda na fimbo yake. Alisimama. Kisha akainama, akaiweka fimbo chini mbele ya mama zake, akageuka akaenda haraka.

Jua lilikuwa halijaanza kushuka tulipoona vumbi. Mbele alikuja yule mwekundu mwenye baka, ndama wake anamkimbilia, na nyuma yao dume jeusi, zuri, limenona pamoja na ukame wote ule. Gidahoya alilileta mwenyewe, hakumtuma mtu. Jamani, tulivyopiga vigelegele! Wazee waliruka, mwanangu. Udameda na magoti yake yale aliruka, unajua wanavyoruka wakicheza, anapanda juu wima na shaba zinalia. Na mimi niliruka. Sikuwa nimewahi kufundishwa ile ngoma, niliruka tu, na sketi ikacheza kama inavyotakiwa kucheza. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua mtu anaweza kuibeba.

Tulimkamua yule ng'ombe kwanza kabla ya kugusa jambo lingine lolote. Nilipewa kibuyu nikipeleke mimi. Mzazi alikunywa akiwa analia, na usiku ule mtoto alilala ameshiba. Yule mtoto leo ni bibi, ana wajukuu wake, na anaongea sana kuliko hata mimi.

Dume tulilila sisi wanawake wenyewe kule kule uwandani, na wanaume wakanusa harufu kutoka mbali. Wamama wazee waligawa nyama, na fungu langu lilikuja bila mtu kuuliza mimi ni wa nani. Gidahoya naye, nimtendee haki, hakunichukia. Alioa mke wake wa pili baadaye kwa ng'ombe wake halali, na mke huyo alipojifungua, aliyekuja kubisha kwangu mbio kuniita ni yeye. Aliniita mama mdogo.

Baada ya mavuno nilipanda Bashay kumsalimia baba yangu. Nilivaa sketi hiyo hiyo, makusudi. Kijiji kizima kilitoka kunitazama. Baba alikuwa amekaa nje anamenya mahindi. Nilipiga magoti nikamsalimia Kiiraqw safi, kile cha heshima, nikamwambia baba, mwanao nimerudi. Alinizunguka, akaishika ile ngozi kwa vidole viwili, akauliza kama haipitishi baridi. Nikamwambia inapitisha sana. Akaingia ndani akaniletea blanketi lake, akanifunika juu ya sketi, akasema sasa kaa tule. Nililia kuliko nilivyolia kule uwandani, maana nilikuwa nimeogopa kwamba ningechagua mmoja nimkose mwingine, na sikumkosa yeyote.

Sasa nakuambia wewe, mwanangu, na unisikie kwa masikio yote mawili.

Kama umewapenda watu ambao hukuzaliwa nao, usione aibu. Hukumwibia mtu. Lakini usiwapende kwa nguo tu. Shanga zinavaliwa kwa asubuhi moja. Kukaa ndani ya nyumba wakati mzazi ana uchungu, kuamka wanapoitana, kushinda na njaa pamoja nao, hivyo vinachukua maisha, na wanaokujua watahesabu hivyo. Fanya kazi za hapa. Gombezwa na uvumilie. Usiwe mwepesi wa kusema sisi, subiri wao waseme sisi wakikuangalia wewe.

Na usiwatupe wa kwenu. Lugha yako ya Tukuyu iseme, chakula cha kwenu kipike utuletee tuonje, mama yako mpigie simu kila wiki. Mtu anayekwenda kwa watu akiwa amejikana mwenyewe anawapelekea nini? Wanaokupenda hawatakudai ufe upande mmoja ndipo uishi upande mwingine. Akikudai hivyo mtu yeyote, wa kwenu au wa huku, huyo mwache aendelee kuandika.

Halafu hili ulishike kuliko yote. Siku watakayosema wewe si wa hapa, na wataendelea kusema, usiinuke ukaondoka ili kuwarahisishia. Waangalie uliokaa nao. Wakibaki wamekaa, na wewe kaa. Hakuna mtu wa kwenye simu aliyekuwepo wamama wale walipokuvika, wala hakuulizwa.

Sasa lete mikono yako nikuombee, nami nitaomba kwa majina yote niliyofundishwa, maana nimelelewa mara mbili. Looa, Mungu wa mama yangu aliyenizaa, akutazame. Aseta, Mungu wa mama aliyenifundisha fundo, akutazame. Mungu uliyemwomba Tukuyu asikupoteze njiani. Mvua yako ije bila mawe, kibuyu chako kisikauke, nyumba yako isikose sauti ya mtoto. Kila mlango unaoupenda uingie ukiwa umesimama wima moyoni hata ukiinama mwilini. Sema amina.

Vizuri. Sasa inuka. Kwa jirani hapo kuna mzazi, amejifungua jana, na dada zake wako mbali. Chukua hiki kibuyu umpelekee maziwa yangali ya moto. Utawakuta wanaume nje, wasalimie, wazee wape shikamoo zao, halafu wapite. Ukifika mlangoni usibishe, ingia ndani.